Mashine ya polishi kwa gari la zamani: namna ya kuichagua ukiwa Dodoma

Gari lililotoka Japani likiwa tayari na miaka kumi, kisha likakaa Dodoma miaka mingine kumi na zaidi, hufubaa kwa mpangilio unaofahamika. Boneti, paa na mfuniko wa buti hupauka kwanza, kwa sababu ndivyo vinavyolala kulitazama jua. Milango hubaki na rangi yake, ila ukiisogelea jioni jua likiwa chini unaona mikwaruzo myembamba ya mviringo imejaa kila mahali, kazi ya matambara ya kufutia vumbi. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na mvua yake ni kama milimita 600 tu kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua, upepo na vumbi jekundu.

Wenye magari wengi wakiona hali hiyo huwaza kupiga rangi upya. Mimi nasema subiri kwanza. Rangi ya kiwandani, hata iliyofubaa, ilikaushwa kwenye tanuri na imeshika bati kuliko rangi nyingi zinazopigwa chini ya mwembe. Sehemu kubwa ya huko kufubaa iko kwenye tabaka jembamba la juu kabisa. Ukiliondoa tabaka hilo kwa mashine inayofaa, rangi ya asili inarudi. Ukitumia isiyofaa, unatoboa mpaka kwenye praima, yaani rangi ya msingi iliyo chini, na hapo utalazimika kupiga ile rangi uliyokuwa unaikwepa.

Kwa hiyo uchaguzi wa mashine hauanzii dukani, unaanzia juu ya gari lako. Muuzaji atakuonyesha yenye wati nyingi, kwa kuwa wati ndizo zilizoandikwa kwa herufi kubwa kwenye boksi. Swali lako liwe: rangi iliyobaki inaweza kuvumilia nini?

Hatua ya kwanza: soma rangi kabla ya kuuliza bei

Osha gari, likauke, kisha litoe juani au lipigie tochi ya simu kwa pembeni. Tafuta mambo mawili yanayofanana kwa mbali lakini yana hatima tofauti. La kwanza ni ufubavu: eneo zima limekosa mng'ao, ukilifuta kwa kidole kinatoka na ungaunga, lakini uso ni mmoja, haujabanduka. Hili linapolishika. La pili ni klia (tabaka angavu lisilo na rangi linalofunika rangi) iliyokufa: mabaka meupe yenye kingo, mahali pengine ngozi inachambuka ukiigusa kwa ukucha. Klia ya namna hiyo hairudishwi na mashine yoyote duniani. Kipande hicho kinahitaji rangi, na ukikipolishi unaongeza tu ukubwa wa baka. Kama boneti na paa vimefikia hapo ila sehemu nyingine ni nzima, mpe fundi rangi hivyo viwili, na wewe ushughulike na zilizobaki.

Kisha jua kama gari lako lina klia au halina. Magari mengi ya zamani yenye rangi bapa, yaani isiyo na chembe za metali wala lulu, hasa nyeupe na nyekundu, yalipigwa rangi ya tabaka moja bila klia juu. Chukua kitambaa cheupe, weka tone la polishi, sugua mahali palipofichika, kwa mfano chini ya mlango. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, gari halina klia. Kwa gari jeupe tumia kitambaa cheusi na polishi isiyo nyeupe, vinginevyo hutaona kitu. Wenye Toyota wana njia ya mkato: fungua boneti, tafuta kibao cha chuma kilichobanwa kwenye ukuta wa injini, usome namba ya rangi. Ile nyeupe ya 040, ambayo imejaa kwenye Corolla na Hiace za zamani, ni ya tabaka moja. Nyeupe za lulu zina klia.

Kwa nini ujue? Kwa sababu rangi ya tabaka moja huoksidika na kupauka, lakini hurudi vizuri sana, na pedi zako, zile sponji zinazofungwa kwenye mashine, zitajaa rangi haraka ajabu. Utahitaji pedi nyingi zaidi. Rangi yenye klia haichafui pedi hivyo, ila ina kikomo kikali: ukiimaliza klia, mwangaza wa jua unaila rangi ya ndani waziwazi.

Kipimo cha unene wa rangi ni kifaa kidogo kinachosoma kwa mikroni. Ukiweza kukinunua au kukiazima kwa mtu anayekagua magari, fanya hivyo. Unywele wa kichwani una unene wa mikroni 70 hivi; rangi yote ya kiwandani, kuanzia praima hadi klia, kwa kawaida iko kati ya mikroni 90 na 150, na klia peke yake ni kama 40 au 50 tu. Pima kila kipande sehemu kadhaa. Ukikuta chini ya 80, mtu ameshapita hapo na mashine kabla yako, kwa hiyo ushike polishi laini tu. Ukikuta 200 na kuendelea, kipande kilirudiwa rangi. Ukikuta mamia mengi, chini yake kuna puti, ile ya kuziba mabonde ya bati. Vipimo vya bei nafuu havisomi juu ya plastiki, hivyo bampa hutalijua; lifanyie kazi kwa tahadhari ya juu kabisa.

Kuhusu mikwaruzo: pitisha ukucha. Ukinasa, mkwaruzo huo ni mrefu kwenda chini kuliko unavyopaswa kuufuata. Upunguze makali, uuache.

Hatua ya pili: zijue mashine zenyewe

Ziko aina mbili unazopaswa kuzitofautisha kwa macho, bila kusubiri muuzaji akueleze.

Rotari ni ile inayozungusha sahani (kile kitako kinachofungwa pedi) kwenye mhimili mmoja, kama grinda. Kasi yake kwa kawaida huanzia mizunguko 600 na kufika 3,000 kwa dakika. Inakata, yaani inaondoa tabaka la juu la rangi, haraka, ndiyo maana gereji nyingi za bodi hapa mjini zinaitumia. Tatizo lake ni kwamba pedi inasugua kuelekea upande mmoja tu na joto linajikusanya mahali pamoja. Ukisimama sekunde chache kwenye kona ya boneti au kwenye mstari wa mlango, ambako rangi huwa nyembamba kuliko kwingine kote, umetoboa. Hata asiyetoboa huacha alama za mawimbi yanayong'aa, zile mafundi wa polishi wanaziita hologramu. Chini ya kivuli cha gereji huzioni. Ukitoka barabarani jua la saa nne linazianika.

DA ni mashine ambayo sahani inazunguka na wakati huohuo inayumba kutoka katikati. Njia ya kila punje ya dawa ya kupolishia haijirudii, joto linatawanyika, na ukibonyeza kupita kiasi au ukigusa ukingo, mzunguko unapungua au unasimama kabisa. Huo usimamaji ambao wengine wanauona udhaifu ndio unaokuokoa. Inachukua muda mrefu zaidi kuliko rotari kwenye rangi iliyochoka sana, lakini inamaliza vizuri bila hologramu, na mtu anayeshika mashine kwa mara ya kwanza anaweza kufanya kazi safi siku hiyohiyo.

Ipo ndugu ya DA ambayo mzunguko wake unasukumwa na gia, hivyo hausimami hata ukibonyeza. Flex ya Ujerumani imejulikana kwa mashine za namna hii. Ina nguvu ya kukata inayoikaribia rotari, lakini inatetemesha mikono na inavuta upande mmoja. Ni nzuri kwa anayefanya kazi hii kila wiki.

Usinunue grinda na kuifunga sponji. Grinda ndogo ya milimita 115 inazunguka karibu mara 11,000 kwa dakika, na haijatengenezwa kwa ajili ya rangi. Nimeona magari yaliyopitiwa na grinda, na kila mara mistari ya bodi ndiyo iliyobaki nyeupe. Drili yenye kipachiko cha sponji inatosha kusafisha taa za mbele zilizokuwa njano, zaidi ya hapo ni kujichosha. Mashine za betri ni nzuri kwenye uwanja usio na soketi, lakini betri moja haimalizi gari, na bei ya betri tatu na chaja inakaribia au kuzidi mashine yenyewe.

Msimamo wangu ni huu: kwa mwenye gari anayetaka kurudisha rangi ya gari lake mwenyewe, na pengine la shemeji na la jirani, nunua DA. Rotari muachie anayekula kwayo.

Hatua ya tatu: myumbo na ukubwa wa sahani

Kwenye boksi la DA utaona namba ya milimita: 8, 12, 15 au 21. Huo ni upana wa myumbo, yaani sahani inavyotoka katikati na kurudi. Zamani DA nyingi zilikuwa za 8. Rupes ya Italia ndiyo iliyoeneza myumbo mpana wa 15 na 21, na sasa viwanda vingi vinafuata.

Ya milimita 8 ni rahisi kuimudu na bei yake mara nyingi ni ya chini, ila kwenye rangi iliyopauka kwa miaka itakuchukua siku nzima kumaliza boneti na paa. Ya 21 inafunika eneo kubwa haraka na inafaa kwa magari yenye mabati mapana na tambarare kama Land Cruiser na Hiace, lakini kwenye fenda yenye mikunjo inarukaruka. Ya 15 iko katikati, na ndiyo ninayomshauri karibu kila mtu. Inaweza kukata, inaingia kwenye fenda, na haichoshi mabega.

Sahani ya milimita 125 ndiyo itakayokufaa zaidi, ikifungwa pedi ya milimita 130 hadi 150. Pedi lazima iizidi sahani kidogo pande zote, ili plastiki ngumu ya sahani isije ikagusa rangi. Sahani ya 150 inafaa kwa 21, ila inadai nguvu zaidi na haitaingia kati ya taa na boneti. Kama mashine inakubali kubadilishiwa sahani ndogo ya milimita 75, hiyo ni sababu nzuri ya kuichagua, maana nguzo za milango, maeneo ya vitasa na bampa haviwezekani kwa sahani kubwa. Uliza hilo mapema: sahani za DA huwa zimelinganishwa na uzito wa ndani wa mashine, na ukifunga ya kampuni nyingine mashine inatetemeka vibaya. Kwa rotari mambo ni rahisi, karibu zote zinazouzwa huku zina uzi wa M14.

Wati 600 hadi 900 zinaitosha DA. Namba ya juu ya hapo isikushawishi. Kinachofaa zaidi ni kidhibiti cha kasi chenye ngazi sita, mwanzo wa polepole usiotawanya dawa kwenye kioo, na elektroniki inayoshikilia kasi unapobonyeza. Uzito uwe chini ya kilo tatu. Paa la gari unalifanya mikono ikiwa juu, na kila gramu utaihesabu.

Hatua ya nne: umeme

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Nalitaja hili kwa sababu mashine nyingi za mtumba zinazokuja kwenye makontena kutoka Japani ni za volti 100, na za Marekani ni za volti 120. Zina plagi bapa ya vyuma viwili. Muuzaji atakuambia adapta inatosha. Adapta inabadili umbo la plagi, haibadili volti. Ukiichomeka hivyo itanguruma kwa kasi sekunde kadhaa kisha itatoa moshi. Soma kibandiko kilichopo kwenye mashine yenyewe, si kwenye boksi.

Mitaa ya pembezoni ambako nyumba zimeongezeka haraka, volti hushuka jioni watu wakipika. Fanya kazi asubuhi. Ekstensheni iwe na waya nene, milimita 1.5 za mraba kwa mita 20 hivi, na kama ni ya kuviringishwa ifungue yote, kwa sababu ikibaki imejikunja inapata joto. Jenereta ya kVA 2 inaiendesha DA bila shida.

Hatua ya tano: dukani

Maduka ya zana katikati ya mji yana mashine za INGCO, TOTAL, Makita na Bosch, lakini zinazokaa kwenye rafu mara nyingi ni za rotari. DA huenda ukaiagiza Kariakoo, ije kwa basi au treni. Hakuna ubaya, mradi umeelewana kuhusu kuirudisha. Ukiwa na uwezo wa kuishika kabla ya kulipa, fanya hivi.

Omba ichomekwe. Sikiliza gia kwenye kasi ya chini: mlio uwe mmoja, usio na kugongagonga. Zungusha kidhibiti ngazi zote. Kisha chora mstari kwa maka peni ukingoni mwa sahani, funga pedi, iweke mashine ikiwa bapa juu ya kipande cha bati au kioo cha kaunta chenye tone la maji, iwashe kwenye ngazi ya tano na uibonyeze kwa wastani. Utauona mstari ukizunguka. Ukisimama kwa mbonyezo mdogo tu, mashine hiyo haitakata chochote kwenye boneti lako. Ukizunguka bila kusita hata ukiilaza upande, basi ama ni ya gia au umepewa rotari yenye maandishi ya DA. Iache iende dakika tano, kisha gusa kichwa chake. Uvuguvugu ni kawaida, kushindwa kuishika si kawaida.

Angalia pia kama kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye mota na kuisha kwa kusuguana, zinafikika kwa bisibisi bila kuifungua mashine yote, na kama dukani kuna sahani ya akiba. Velkro ya sahani ndiyo inayokufa kwanza. Mashine ya kampuni isiyojulikana yenye sahani isiyopatikana ni mashine ya gari moja.

Hatua ya sita: pesa ya pedi isiliwe na mashine

Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu. Mashine peke yake haipolishi kitu. Kama una bajeti ya kiasi fulani, nusu yake tu iende kwenye mashine. Nusu nyingine inunue pedi, dawa na vitambaa vya mikrofaiba, na usione unapoteza.

Kwa gari moja la zamani nunua pedi ngumu za kukatia angalau nne, za kati mbili na laini mbili. Kama rangi ni ya tabaka moja, ongeza za kukatia. Usifuate rangi za sponji, kwani nyeupe ya kampuni moja ni ngumu na ya nyingine ni laini. Soma maelezo au zibonyeze kwa kidole. Pedi ya manyoya inakata kwa nguvu na haipandishi joto kama sponji, hivyo inafaa kwa rangi iliyopauka sana, ila inaacha ukungu unaohitaji kufuatiwa na sponji ya kati. Pedi ya mikrofaiba pia inakata sana, lakini joto lake liangalie.

Dawa ni mbili tu: rabingi kwa ajili ya kukata na polishi laini kwa ajili ya kumalizia. Epuka rabingi za kopo zilizojaa nta na silikoni. Zinaficha mikwaruzo badala ya kuiondoa, unafurahi wiki mbili, kisha mvua ya kwanza ya Desemba inakurudishia kila kitu. Msasa wa maji wa 2000 au 3000 uuache dukani kama huna kipimo cha unene.

Magari matatu, maamuzi matatu

Corolla nyeupe ya 040, imepauka yote lakini haijabanduka popote: DA ya 15, sahani 125, pedi nyingi za kukatia au moja ya manyoya, kisha ya kati. Gari la namna hii ndilo linalobadilika sana kuliko yote na ni mahali pazuri pa kujifunzia.

Mark II ya kijani kibichi iliyoiva au nyeusi, yenye klia, haijapauka ila imejaa mikwaruzo ya matambara: DA ileile, lakini anza na pedi ya kati na polishi laini. Rangi za giza zinaonyesha kila kosa, kwa hiyo rotari isilikaribie gari hili.

Prado ambayo paa lake klia imekufa na boneti imerudiwa rangi na fundi miaka ya nyuma: usinunue mashine kwanza. Peleka paa kwa fundi rangi, pima boneti, kisha ukiamua kuendelea, DA ya 15 inatosha, au ya 21 kama unajua utafanya magari makubwa mengine. Rangi iliyorudiwa huwa laini na haitabiriki. Mahali pengine inakatika haraka kuliko ya kiwandani.

Hatua ya saba: jaribio la kipande kimoja

Mashine imefika. Usianze na gari zima. Osha kwa sabuni na ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye bodi. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvi, na yakikaukia juu ya rangi yanaacha madoa ya mviringo ambayo baada ya muda yanaila klia. Suuzia mwisho kwa maji ya mvua uliyokinga au maji yoyote yasiyo na chumvi, kisha kausha papo hapo. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, papasa boneti: ukihisi punjepunje, pitisha udongo maalumu wa kusafishia rangi ukiwa na maji ya sabuni, mpaka uso uwe laini. Ukiruka hatua hii, punje hizo zitanaswa na pedi na kuchora gari zima.

Bandika utepe wa karatasi kwenye kingo, mistari ya bodi, mipira ya madirisha na plastiki nyeusi. Kisha chagua mraba wa sentimita 50 kwa 50 katikati ya boneti, si ukingoni.

Anza na kilicho laini: pedi ya kati na polishi laini. Matone manne au matano, yasambaze mashine ikiwa ngazi ya kwanza, kisha panda ya nne au ya tano. Pedi ilale bapa. Tembea polepole, kama sentimita 3 kwa sekunde, kila mstari ukifunika nusu ya uliopita, kwanza kushoto kulia, kisha juu chini. Pita mara nne hadi sita. Uzito wa mashine na mkono uliolegea kidogo unatosha. Futa, tazama kwa tochi. Imetosha? Basi hiyo ndiyo njia ya gari lako lote, usiongeze ukali. Haijatosha? Rudia kwa pedi ya kukatia na polishi ileile. Bado? Hapo ndipo rabingi inaingia. Rabingi kali inaweza kula mikroni 3 hadi 5 kwa mara moja, wakati polishi laini haifiki hata 1, na klia uliyo nayo ulishaiona kwenye kipimo.

Baada ya kila mraba safisha pedi kwa brashi mashine ikizunguka taratibu. Pedi ikilowa au ikiwa ya moto, ibadilishe. Gusa bati mara kwa mara kwa nyuma ya mkono: likikufanya uondoe mkono, pumzisha.

Futa kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji mengi, sehemu moja kwa tisa, ili mafuta ya dawa yatoke na uone ukweli. Usiimwage, nyunyiza kidogo, na uepuke rangi iliyopigwa karibuni.

Vaa barakoa na miwani. Vua pete, saa na mkanda wenye kifungo cha chuma. Waya upite begani, usiburuzwe juu ya boneti.

Jua na upepo wa hapa

Mtu wa Dar es Salaam anaweza kufanya kazi hii mchana kwenye kibaraza. Hapa hewa ni kavu mno, na dawa inakauka kwenye bati kabla haijamaliza kufanya kazi. Ukiendelea kusugua unasugua unga. Anza saa kumi na mbili na nusu asubuhi, acha kabla ya saa nne, endelea siku ya pili. Nyunyizia pedi ukungu mdogo wa maji yasiyo na chumvi inapoanza kukauka. Kuanzia Julai hadi Oktoba upepo unaokota mchanga, hivyo tafuta ukumbi wenye kuta tatu, au mwagia maji ardhi inayolizunguka gari kabla hujaanza. Kipindi kizuri kuliko vyote ni Machi na Aprili, kati ya mvua na mvua, vumbi likiwa limelala.

Ukimaliza, paka silanti, ile dawa ya kuikinga rangi, siku hiyohiyo. Hudumu miezi kadhaa, wakati nta ya kawaida kwa jua hili huisha mapema. Na tafadhali, wakataze vijana wa kuosha magari kufuta vumbi kavu kwa tambara, na usilifunike gari turubai siku za upepo. Vumbi linaloingia chini ya turubai linasugua rangi mchana kutwa.

Kuitunza mashine

Puliza matundu ya hewa kila baada ya kazi, maana vumbi la rabingi na la Dodoma likichanganyika linaziba feni. Badilisha kaboni zikiwa zimebaki fupi, usisubiri cheche. Osha pedi kwa sabuni ya maji na uzianike kivulini zikitazama chini, kisha uzifungie kwenye boksi lenye mfuniko. Usiziache ndani ya gari lililofungwa juani: gundi inayoshika velkro inalainika, na pedi itachomoka ikiwa kwenye kasi ya tano.